Odera Oruka amerejelewa mara ngapi?

Swali hili mara nyingi huletwa na fomu. Kamati ya kupandisha vyeo inataka namba. Mfadhili anataka namba. Mwanafunzi wa uzamivu anayeandika sura ya mapitio naye anataka kusema kwamba fulani "ana mchango mkubwa", kisha aweke tarakimu mbele ya msimamizi wake. Kwa mtafiti wa malaria namba hiyo hupatikana kwa dakika tano na haiwi mbali sana na ukweli, maana karibu kila alichoandika ni makala ya jarida, ina namba ya DOI inayoitambulisha mtandaoni, na wanaomrejelea nao huandika makala za majarida. Kwa mwanafalsafa mambo hayaendi hivyo. Na kama mwanafalsafa mwenyewe alifanya kazi zake Nairobi kati ya 1970 na 1995, tarakimu inayojitokeza kwenye skrini inaeleza zaidi tabia za kanzidata kuliko kazi ya mtu.

Namchukua Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Kenya, kama mfano kwa sababu karibu kila mtego wa hesabu hizi umemnasa. Alizaliwa 1944 huko Ugenya, akasoma Uppsala nchini Uswidi na Wayne State kule Detroit, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, akafariki Desemba 1995 baada ya kugongwa na gari. Google Scholar, injini ya Google ya kutafuta maandiko ya kitaaluma, ilizinduliwa 2004, na ORCID, mfumo unaompa kila mtafiti namba yake ya utambulisho, 2012. Kwa hiyo hana wasifu alioutengeneza mwenyewe, hakuna aliyemuuliza ipi ni kazi yake na ipi si yake, na hakuwahi kubofya popote kuunganisha matoleo mawili ya kitabu kimoja. Anayemhesabu leo lazima afanye usafi huo wote kwa niaba ya marehemu.

Kazi ya kwanza haianzii kwenye mtandao. Inaanzia kwenye orodha ya machapisho iliyoandikwa kwa mkono, katika Excel au hata kwenye daftari, mstari mmoja kwa kila kazi na si kwa kila toleo. Safu zinazohitajika ni chache: kichwa, mwaka wa kusomwa hadharani kama kazi ilianza kama mhadhara, mwaka wa kuchapwa, mchapishaji, mji, na matoleo ya baadaye. Ukiruka hatua hii ukaanza na injini ya utafutaji, mashine ndiyo itakayokuamulia vitabu vya mtu ni vingapi, nayo itakosea.

Tazama orodha ya Oruka yenyewe inavyokaa. Makala yake "Mythologies as African Philosophy" ilitoka 1972 kwenye East Africa Journal ya Nairobi. Punishment and Terrorism in Africa ilitoka 1976 kwa East African Literature Bureau, kisha toleo la pili likatoka 1985 kwa Kenya Literature Bureau. Katikati hapo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977 na mchapishaji wa pamoja hakuwepo tena, kwa hiyo kwenye orodha za marejeleo kitabu kimoja kinaonekana kama viwili vya wachapishaji wawili. "Sagacity in African Philosophy" ilitoka 1983 katika International Philosophical Quarterly, jarida la Marekani, na ndiyo kazi ambayo mashine huipata bila shida. Sage Philosophy, kitabu chake kuhusu falsafa ya wazee wenye hekima, ilitoka Brill, Leiden, 1990, halafu ACTS Press, Nairobi, 1991. Mwaka huohuo wa 1990 Shirikon ya Nairobi ilitoa Trends in Contemporary African Philosophy. Ongeza kitabu chake kuhusu falsafa na imani za Oginga Odinga cha 1992, kitabu alichohariri kuhusu falsafa, binadamu na ikolojia cha 1994, na Practical Philosophy kilichotoka 1997, miaka miwili baada ya yeye kuzikwa. Hapo sijagusa sura za vitabu.

Kati ya hizo, chache tu ndizo zilizotoka mahali ambapo kanzidata kubwa hupaangalia. Nyingine ni vitabu vya Nairobi.

Sasa jina. Henry ni jina la ubatizo, Odera ni lake, Oruka ni la baba yake, Mzee Oruka Rang'inya, ambaye pia ni mmoja wa wazee waliohojiwa ndani ya Sage Philosophy. Mhariri wa Ulaya huona maneno matatu, akachukua la mwisho kuwa jina la ukoo: Oruka, H. O. Mwandishi wa Nairobi anayemfahamu huandika Odera Oruka, H., kwa sababu ndivyo alivyoitwa na ndivyo alivyojiandika. Wengine wametia kistari: Odera-Oruka. Wengine wamegeuza: Oruka, Odera. Kila umbo hukaa kwenye droo yake. Katika Web of Science, moja ya kanzidata kubwa za marejeleo, ambako jina la anayerejelewa huhifadhiwa kwa herufi kubwa, jina la ukoo na vifupisho tu, mtu mmoja anaweza kulala kwenye droo nne au tano bila mashine kujua kwamba ni yuleyule.

Mwanafunzi wake, F. Ochieng'-Odhiambo, aliyeandika kwa kina kuhusu mwalimu wake, ana balaa kubwa zaidi, maana jina lake lina kibainishi cha ng' na kistari papo hapo. Kibainishi hicho programu moja hukiona kama alama ya kufunga nukuu, nyingine hukifuta, nyingine hukigeuza kuwa mraba usiosomeka. Kila mwenye Ng'ang'a au Ong'ong'a kwenye jina anaijua adha hii. Dawa yake ni moja: tafuta kwa kila umbo, likiwemo lisilo na kibainishi wala kistari, na uandike kwenye orodha yako maumbo yote uliyoyajaribu, ili atakayerudia hesabu asianze upya.

Kichwa cha kitabu nacho kina mtego wake. Ukiandika maneno sage na philosophy bila alama za nukuu, utafurikwa na SAGE, kampuni kubwa ya uchapishaji, ambayo miongoni mwa majarida yake ni Philosophy & Social Criticism. Mamia ya matokeo yatakujia yasiyohusiana na Kenya wala wazee. Funga maneno kwa alama za nukuu, ongeza oruka pembeni, na hata hapo pitia kwa macho. Kichwa kidogo cha kitabu kina neno moja dogo ambalo waandishi wengine huliongeza na wengine huliacha, na baadhi hutia kistari kati ya Sage na Philosophy. Kwa mashine hivyo ni vitabu vingi. Kwa msomaji ni kimoja.

Baada ya orodha na maumbo ya majina kukamilika ndipo unaingia kwenye kanzidata, na kila moja ina namna yake ya kuulizwa.

Google Scholar ndiyo pana kuliko zote kwa fani hii, kwa sababu inasoma vitabu, tasnifu, hifadhi za vyuo na majarida ya Afrika yaliyowekwa mtandaoni, yakiwemo yaliyo AJOL, tovuti inayokusanya majarida ya Afrika. Ndiyo pia chafu kuliko zote. Itahesabu silabasi, itahesabu andiko lilelile mara mbili kama limewekwa kwenye tovuti mbili, na haikuonyeshi zaidi ya matokeo 1,000 kwa utafutaji mmoja. Anza na author:oruka pamoja na kichwa ndani ya alama za nukuu. Utaona kitabu kimoja kimegawanyika: rekodi moja kubwa, kisha rekodi ndogondogo zisizo na kiungo cha kubofya, ambazo zipo kwa sababu tu mtu fulani alikitaja kitabu hivyo kwenye orodha yake ya marejeleo. Zifungue zote. Nakili wanaorejelea kila rekodi kwenye faili moja, kisha ondoa waliojirudia. Usijumlishe tarakimu za skrini kabla ya kuondoa marudio, maana wapo waliotaja toleo la 1990 na la 1991 katika kazi moja.

Web of Science ukiiuliza kwa jina la mwandishi itakupa machapisho yaliyosajiliwa kwake tu, yaani karibu hakuna kitabu cha Nairobi. Wengi huishia hapo, wakatoa ripoti kwamba mwanafalsafa ana makala tatu. Njia sahihi ni kutumia ule utafutaji wa marejeleo yaliyotajwa, ambao hausomi orodha ya machapisho yake bali orodha za marejeleo za makala za watu wengine. Hapo unaandika Oruka* na tena Odera*, kinyota kikikusaidia kukamata vifupisho vyovyote, na unapata vitabu ambavyo kanzidata haivimiliki lakini watu wameviandika kwenye marejeleo yao. Scopus, kanzidata nyingine ya marejeleo, ina kitu cha namna hiyo: kwenye utafutaji wa kina unaandika REFAUTH(oruka). Tofauti ya namba kati ya njia ya kwanza na hii ya pili ndiyo jambo la kwanza ninaloangalia kwenye ripoti ya mtu mwingine. Zikiwa hazikutofautishwa, sisomi zaidi.

Kuna jambo la miaka pia. Scopus ilipoanza 2004 marejeleo yake yalianzia 1996. Baadaye yakarudishwa nyuma hadi 1970. Kwa mtu aliyejadiliwa sana katika miaka ya themanini, hesabu iliyofanywa zamani kwa Scopus iliruka mjadala wote wa uhai wake. Ukikuta tarakimu imenukuliwa kwenye tasnifu ya 2010, iache hukohuko.

Na jarida alilolianzisha mwenyewe, Thought and Practice la Chama cha Falsafa cha Kenya, lina juzuu mbili za kwanza. Moja ni ya 1974. Nyingine ni ya 2009, jarida lilipofufuliwa kama mfululizo mpya. Anayeandika "juzuu la 1, namba 1" bila mwaka wala neno la mfululizo mpya anaweza kuwa anazungumzia karatasi ya kipindi cha Mzee Jomo au faili ya PDF ya AJOL. Programu za kuoanisha marejeleo hutegemea juzuu na ukurasa. Hapa zinaelekeza kwingine, na hakuna alama nyekundu inayowaka kukuonya.

Tufike kwenye fahirisi ya h, maana ndiyo inayoombwa kwenye fomu. Aliibuni Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Marekani, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafizikia. Panga kazi za mtu kuanzia iliyorejelewa zaidi hadi iliyorejelewa kidogo, shuka ukihesabu nafasi, na usimame kwenye nafasi ya mwisho ambayo marejeleo bado ni sawa au zaidi ya namba ya nafasi. Nitumie tarakimu za kubuni, zisizo za mtu yeyote. Mwanafalsafa ana kazi kumi zenye marejeleo 900, 310, 120, 60, 25, 12, 9, 7, 4 na 2. Kazi ya saba ina 9, inatosha. Ya nane ina 7, haitoshi. Fahirisi yake ni 7.

Sasa kile kitabu chake cha 900 kipate marejeleo 9,000. Fahirisi inabaki 7. Kitabu kilichobadilisha fani nzima hakiongezi hata moja.

Lakini kitabu hichohicho cha 900 kikigawanyika kwenye kanzidata kuwa rekodi tatu, 520, 300 na 80, kwa sababu ya tofauti za toleo na tahajia, orodha inakuwa 520, 310, 300, 120, 80, 60, 25, 12, 9, 7, 4, 2. Ya tisa ina 9, inatosha. Fahirisi imepanda kutoka 7 hadi 9, na hakuna aliyeandika wala kusoma kitu kipya. Uchafu umempandisha. Anayesafisha rekodi kwa uaminifu atamshusha mtu huyo, na kwenye kamati itabidi ajieleze kwa nini namba yake ni ndogo kuliko ile ya Google. Nimeweka mfano huu kwa urefu kwa sababu watu huamini kwamba kugawanyika kwa rekodi humpunja mwandishi siku zote. Jumla ya marejeleo humpunja, kama umeangalia rekodi kubwa peke yake. Fahirisi ya h yaweza kumpendelea.

Kipeo cha upuuzi wa fahirisi hii katika falsafa ni Edmund Gettier. Mwaka 1963, akiwa mwalimu Wayne State, chuo kilekile ambacho Oruka alipitia baadaye, alichapisha katika jarida la Analysis makala ya kurasa tatu iliyouliza kama imani ya kweli iliyothibitishwa ndiyo maarifa. Makala hiyo imerejelewa maelfu ya mara na imezaa tawi zima la mjadala. Baada yake alichapisha machache mno. Mtu mwenye machapisho matatu hawezi kupata h zaidi ya 3, hata dunia nzima ikimsoma. Kwa kigezo cha fomu, Gettier asingeshindana na mhadhiri yeyote mwenye makala kumi zilizorejelewa mara kumi kila moja.

Kuhusu kipimo cha ubora wa jarida kinachogawanya marejeleo ya mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia, sina mengi. Makala ya Oruka ya 1972 bado inarejelewa. Dirisha la miaka miwili halimuoni.

Kinachobaki, na ndicho chenye maana, ni kusoma wanaorejelea wanasema nini. Hapa kazi ni ya mikono, na haina njia ya mkato inayostahili kuaminiwa. Ukishapata faili lako safi, tuseme lina kazi 300, huna haja ya kusoma zote. Zigawe kwa muongo, kisha ndani ya kila muongo chagua kwa bahati nasibu: ongeza kwenye Excel safu ya RAND, fomula inayotoa namba za nasibu, panga kwa safu hiyo, chukua za juu. Sampuli ya 60 inatosha kuonyesha sura ya mambo. Kila moja fungua ukurasa wenyewe, soma aya ya kabla na ya baada, andika rejeleo linafanya kazi gani. Tenga kama dakika kumi kwa kila moja, yaani saa kumi za kazi, na nyingine kadhaa za kuhangaikia maandiko yaliyofungwa nyuma ya malipo.

Kwa Oruka utakutana mara nyingi mno na rejeleo la kupita. Mwandishi anafungua sura kwa kusema falsafa ya Kiafrika imegawanywa katika mikondo, anaitaja, anaweka mabano yenye Oruka na mwaka, kisha anaenda zake. Mikondo ile Oruka aliieleza kwenye kongamano la Accra mwaka 1978: ethnofalsafa (imani za pamoja za kabila zikichukuliwa kuwa falsafa), busara ya kifalsafa ya wenye hekima, falsafa ya kiitikadi ya wapigania uhuru, na falsafa ya kitaalamu. Andiko likachapwa Wiesbaden 1981. Mwaka huohuo wa 1981 Peter Bodunrin wa Nigeria alichapisha "The Question of African Philosophy" katika jarida la Philosophy, tayari akiichambua mikondo hiyo minne kutoka kwenye andiko la Accra. Yaani moja ya marejeleo mazito zaidi aliyowahi kupata lilielekezwa kwenye andiko la kongamano. Rejeleo la aina hiyo mashine hukosa cha kuliunganishia.

Baadaye Oruka aliongeza mikondo miwili, wa kihemenetiki (wa ufasiri) na wa kifasihi, ikawa sita. Hilo linakupa kipimo kizuri. Anayemtaja kwa mikondo minne huku akiweka Sage Philosophy ya 1990 kuna uwezekano mkubwa hajakifungua kitabu hicho. Amenakili kutoka kwa aliyenakili. Rejeleo lake linahesabika sawasawa na la yule aliyekaa na kitabu miezi sita. Kwenye sampuli yako lipe alama yake, na mwisho utaweza kusema ni asilimia ngapi ya marejeleo ni ya kunakiliana. Kwa kipimo cha athari, tarakimu hiyo moja naithamini kuliko fahirisi zote.

Kundi la pili ni wanaojadili hoja. Oruka alikataa kwamba hekima ya Afrika ni imani za pamoja za kabila zisizo na mwenyewe. Akaenda vijijini, mradi wake ukianza 1974, kutafuta mtu mmojammoja anayefikiri, anayeweza kuikosoa mila yake mwenyewe na kutoa sababu. Alitofautisha mzee anayeijua mila vizuri na kuirudia, na mzee anayeihoji. Bodunrin alipinga: mwanafalsafa aliyefunzwa anapomhoji mzee, anayefalsafu ni nani kati yao? D. A. Masolo naye alilijadili jambo hilo kwa kirefu katika kitabu chake cha 1994. Marejeleo ya aina hii ni machache, marefu, na mengi ni ya kumkosoa. Hesabu haijui kukosolewa. Na si vibaya, maana katika falsafa kukosolewa kwa kurasa ishirini ni heshima kuliko kusifiwa kwa nusu sentensi, lakini lazima ripoti iseme.

Halafu lipo tatizo la nani anastahili rejeleo. Sage Philosophy si sauti moja. Ina sura za Oruka, ina mahojiano ya wazee kama Paul Mbuya Akoko na Mzee Oruka Rang'inya, na ina maandiko ya wakosoaji, Bodunrin akiwemo. Mtu anapoandika mabano ya "Oruka 1990" baada ya hoja ya Mbuya kuhusu umoja wa Mungu, rejeleo linaingia kwenye akaunti ya Oruka, na Mbuya hapati kitu. Hapa Google Scholar ina msaada: fungua orodha ya wanaokirejelea kitabu, weka alama kwenye kisanduku cha kutafuta ndani ya hao hao, kisha andika Mbuya. Utapata wale waliomtaja mzee kwa jina. Rudia kwa kila mzee. Inashangaza kwamba kazi iliyokusudiwa kuthibitisha kuwa wazee hawa ni wanafikra wenye majina yao, imehifadhiwa na kanzidata kana kwamba hawana.

Kundi la tatu ni wanaotumia mbinu yake bila lazima ya kukubaliana naye. Mfano wa karibu nasi ni Kai Kresse, mmoja wa wahariri wawili wa kitabu cha kumbukumbu ya Oruka cha 1997, pamoja na Anke Graness. Kresse alikwenda Mombasa, akaishi miongoni mwa watu wa Mji wa Kale, na kitabu chake cha 2007 kuhusu kufalsafu Mombasa kinawachukulia Ahmad Nabahany, Ahmed Nassir na Sheikh Abdilahi Nassir kama wanafikra wa kusomwa kwa majina yao. Kwenye kanzidata hilo ni rejeleo, sawa na la mwanafunzi aliyetaja mikondo minne.

Na yapo yasiyoingia kwenye kanzidata yoyote. Mwaka 1987, kwenye kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, Oruka alisimama mahakamani Nairobi kutoa ushahidi kuhusu mila za Waluo. Kesi ile imeandikwa na wanahistoria na wanasheria wengi, na jina lake limo ndani ya maandiko hayo, mara nyingi kwenye matini au tanbihi na si kwenye orodha ya marejeleo. Utafutaji wa maandishi yote kwenye Google Books humpata huko. REFAUTH haimpati. Kitabu cha Odinga nacho husomwa zaidi na watu wa siasa na historia kuliko wa falsafa, kwa hiyo ukichuja matokeo kwa fani ya falsafa peke yake utakuwa umekitupa nje.

Kiswahili ndicho pengo kubwa. Makala katika jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au katika Mulika, inayojadili falsafa ya Kiafrika kwenye riwaya na mashairi, inaweza kumtaja Oruka vizuri kuliko makala ya Ulaya, lakini kwenye Web of Science huioni. Kwa uwanja huu utafute kwa mkono: tovuti ya majarida ya chuo, AJOL, kisha marejeleo ya tasnifu za fasihi. Kumbuka wahakiki wa Kezilahabi, ambao huifikia mijadala hii kupitia tasnifu yake ya Wisconsin ya 1985 kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la ufasiri wa fasihi, na tasnifu ambayo haikuchapwa kuwa kitabu ina matatizo yaleyale ya kuunganishwa.

Kulinganisha watu ni hatua ambayo ningeiondoa kabisa kama fomu zingeruhusu. John Mbiti, ambaye African Religions and Philosophy yake ya 1969 imekuwa kitabu cha kiada kwa miongo mitano, hurejelewa na wanateolojia, wauguzi, walimu na wanasosholojia. V. Y. Mudimbe, Mkongo, hurejelewa na wanahistoria na watu wa fasihi. Paulin Hountondji wa Benin ana kitabu cha Kifaransa cha 1976 na tafsiri ya Kiingereza ya 1983, na usipounganisha lugha mbili utamgawa nusu. Ukimweka Oruka kwenye mstari mmoja na hao umepima upana wa wasomaji wa fani nyingine. Ukilazimishwa kulinganisha, mlinganishe na watu wa kizazi chake waliochapisha Afrika Mashariki au Afrika Magharibi, katika fani hiyohiyo, kwa kanzidata hiyohiyo, siku hiyohiyo.

Siku hiyohiyo, kwa sababu Google Scholar hubadilika kila wiki, na mara nyingine tarakimu hushuka rekodi zinapounganishwa. Ndiyo maana kwenye ripoti aya ya hesabu isiwe na tarakimu tupu. Iwe na jina la kanzidata, tarehe ya kutafuta, maumbo ya jina yaliyotumika, rekodi ngapi ziliunganishwa, marudio mangapi yaliondolewa, mwandishi kujirejelea mwenyewe kumehesabiwa au la, na sampuli ya kusomwa ilikuwa ya ngapi. Aya ya namna hii ina sentensi sita hadi nane. Kamati nyingi hazijawahi kuiona, na zikiiona huuliza maswali bora.

Faili ghafi liambatishwe, lisibaki kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Na tasnifu za zamani zilizoskaniwa kama picha, bila maandishi ambayo mashine inaweza kuyasoma, zitengewe muda wake: hazitokei kwenye utafutaji wowote, kwa hiyo mtu akae nazo, afungue kurasa za mwisho za kila moja, na apitishe kidole kwenye O.